Usihesabu Urefu wa Kovu, Hesabu Saa

Siku hizi, kila mara tunapomwambia mgonjwa kwamba kidole-tumbo chake kimevimba na ya kuwa sharti apasuliwe, jamaa zake hunivuta kando na kuniuliza neno moja: "Munganga, je, hapa kwenu mnapasua kwa matundu madogo?" Nami nawajibu kweli: "Hapana. Hapa tunapasua kwa njia ya zamani, kwa jeraha moja." Ndipo nyuso zao hubadilika. Wanatazamana. Mmoja anatoka nje na simu yake. Kabla hajarudi, najua tayari atakalosema: "Tupe karatasi zetu. Tunampeleka mgonjwa wetu mjini."

Naandika ukurasa huu kwa ajili ya watu hao. Siwakasirikii. Wanampenda mgonjwa wao, nao wamesikia kwamba kuna njia iliyo bora. Lakini nina neno la kuwaambia, nami nalisema wazi tangu mwanzo: katika ugonjwa huu, saa ni kubwa kuliko kovu. Mtu aliye karibu na mikono iliyofundishwa asiikimbie mikono hiyo kwa kutafuta tundu dogo lililo mbali. Sikiliza sababu zangu, kisha uamue mwenyewe.

KIDOLE-TUMBO NI NINI?

Chakula chako kikitoka katika tumbo la kwanza, kinapita katika utumbo mwembamba, halafu kinaingia katika utumbo mpana. Pale utumbo mpana unapoanzia, upande wa kuume chini ya tumbo, pananing'inia kitu chembamba kama kidole au kama mnyoo. Urefu wake kwa watu wengi ni sentimeta 6 hadi 9. Ndani yake ni wazi, lakini ncha yake imeziba. Ni kama njia isiyo na mlango wa pili. Kinachoingia sharti kitoke pale pale kilipoingilia.

Basi, mlango huo mmoja ukizibwa, taabu inaanza. Mara nyingi unazibwa na choo kidogo kilichokauka kama jiwe. Mara nyingine nyama ya ndani inavimba yenyewe na kuubana. Wakati mwingine hata minyoo huziba. Maji ya ndani hayapati pa kutokea. Vijidudu vinaongezeka. Kidole kinavimba, kinajaa usaha, damu haipiti vizuri katika ngozi yake, na mwishowe ngozi inaoza na kutoboka. Hapo usaha na choo vinamwagika katikati ya matumbo, mahali ambapo Mungu hakuweka kitu chochote kichafu.

Ugonjwa huu haupatikani kwa kula pilipili, wala kwa kumeza mbegu ya chungwa kama watoto wanavyotishwa. Unawapata wanaume kwa wanawake, hasa wenye umri wa miaka 10 hadi 30. Lakini nimeuona kwa mtoto mdogo na kwa mzee pia.

UNATEMBEAJE?

Ugonjwa huu una mwendo wake, na kila mzazi anapaswa kuujua kama anavyojua dalili za malaria.

Kwanza, maumivu yanaanza katikati, karibu na kitovu. Mgonjwa hawezi kuonyesha mahali kwa kidole kimoja. Anazungusha kiganja chake juu ya tumbo lote. Hamu ya chakula inakwisha. Hata umwekee bugali na sombe anayoipenda, anageuza uso. Anasikia kichefuchefu, pengine anatapika mara moja au mbili.

Halafu, baada ya saa kadhaa, maumivu yanahama. Yanashuka upande wa kuume, chini. Sasa anaweza kuonyesha mahali. Mwaka 1889 mpasuaji wa New York, Charles McBurney, alieleza mahali hapo, na waganga wa dunia nzima wanapagusa hata leo: ukipima kutoka mfupa wa nyonga ya kuume kwenda kitovuni, ni kwenye theluthi ya kwanza ya njia. Homa kidogo inapanda. Mgonjwa akikohoa, anaumia. Akitembea, anainama. Akipakiwa kwenye pikipiki, kila shimo la barabara linamfanya alie.

Watu wengi kidole chao hakitoboki katika saa 24 za kwanza. Lakini saa 36 zikipita tangu maumivu yaanze, hatari inapanda, na kila saa inayoongezeka inaipandisha tena. Kwa watoto wadogo mambo huenda haraka zaidi, maana hawajui kueleza, nasi tunachelewa kuelewa.

Hesabu basi. Kama maumivu yalianza Ijumaa jioni, Jumapili asubuhi mgonjwa amekwisha kuvuka saa 36. Alitumia saa hizo wapi? Swali hilo ndilo linaloamua kama atakaa hospitalini siku tatu au wiki tano, au kama hatarudi nyumbani kabisa.

NJIA YA MATUNDU MADOGO

Sasa niiseme vema njia ambayo watu wanaiulizia, maana si haki kuisema vibaya.

Mpasuaji anatoboa tundu karibu na kitovu, kisha mengine mawili chini yake, kila moja dogo kuliko upana wa kidole gumba. Anajaza tumbo hewa ya kaboni, nalo linainuka kama hema, ili apate nafasi ya kufanya kazi. Katika tundu moja anaingiza mrija wenye taa na kamera. Katika mengine anaingiza vyombo virefu vyembamba. Hatazami tumbo lenyewe. Anatazama picha kwenye kioo, kama watu wanavyotazama mpira. Anakifunga kidole kwenye shina lake, anakikata, anakitoa ndani ya kifuko kidogo. Hewa inatolewa, matundu yanashonwa.

Mwaka 1980, huko Kiel katika Ujerumani, Kurt Semm, munganga wa magonjwa ya wanawake, alikuwa wa kwanza kuondoa kidole-tumbo chote kwa njia hiyo. Wapasuaji wengi wa wakati wake walimpinga sana. Leo katika nchi tajiri hiyo ndiyo njia ya kawaida. Faida zake ni za kweli. Maumivu ni machache. Jeraha halioti usaha mara nyingi. Mgonjwa hurudi nyumbani upesi, mara nyingi kesho yake, na kurudi kazini mapema. Tena, kama mpasuaji akikuta kidole kizima, anaweza kuzungusha kamera na kutazama mahali pengine. Hilo ni msaada mkubwa hasa kwa wanawake, maana maumivu ya upande ule yanaweza kutoka katika kizazi.

Nchini kwetu njia hii imefika pia. Hospitali ya Panzi huko Bukavu, hospitali ya Kiprotestanti iliyofunguliwa mwaka 1999, imepokea wapasuaji kutoka Brussels, Guy-Bernard Cadière na wenzake, waliofanya kazi kwa matundu madogo pamoja na Daktari Denis Mukwege. Mimi nafurahi kwa hilo. Naomba siku moja ifike katika kila hospitali ya vilimani.

Lakini tazama inataka nini. Inataka umeme usiokatika katikati ya kazi. Inataka mtungi wa hewa uliojaa. Inataka kamera, na mtu wa kuitengeneza inapoharibika. Kwa kawaida inataka dawa ya kumlaza mgonjwa usingizi mzito, na mpira wa kupumulia kooni, na mtu aliyesomea kazi hiyo akae kichwani pake. Inataka mpasuaji aliyefundishwa njia hiyo, maana si kila apasuaye vizuri kwa mkono anaweza kupasua kwa kutazama kioo. Huko India wapasuaji wa vijijini wamejaribu kupunguza mizigo hiyo: badala ya kujaza hewa, wanaliinua tumbo kwa chuma. Kazi hiyo inatutia moyo. Lakini mpaka vitu hivyo vifike kwako, kidole cha mtoto wako hakitangoja.

Na njia ya zamani? Inataka taa nzuri, vyombo vilivyochemshwa, sindano ya mgongoni ya kufisha nusu ya mwili, na mikono miwili iliyofundishwa. Jeraha ni la upana wa vidole vitatu au vinne. Mgonjwa aliyekuja mapema hukaa kwetu siku chache, anatembea kesho yake, na baada ya wiki chache anashika jembe. Njia hii imeponya watu tangu kabla babu zetu hawajazaliwa. Ndani ya tumbo kazi ni ile ile: kidole kibovu kimetoka. Kilicho tofauti ni mlango tu.

NENO NINALOLIONA HAYA

Nitakuambia sasa jambo linaloniuma. Silisimulii ili kumwaibisha mtu, maana mwenye kosa la kwanza ni mimi.

Miaka michache iliyopita, mvulana wa miaka 14, mwimbaji katika kwaya yetu, alishikwa na tumbo Ijumaa jioni. Nyanya yake alidhani ni minyoo. Akachemsha majani na kumwosha matumbo kwa kile kimpira ambacho karibu kila mama anacho nyumbani. Usiku kucha mtoto alilia. Jumamosi mchana baba yake alimleta hospitalini. Munganga wetu alimgusa, akapima damu, akasema: "Ni kidole-tumbo. Tumpasue leo."

Baba aliuliza swali lile la matundu madogo. Mtoto wa ndugu yake alikuwa amepasuliwa hivyo katika mji mkubwa, naye alikuwa ametuma picha ya tumbo lake kwa simu. Alama tatu tu, kama za kuchanjwa. Baba alinionyesha picha ile. Akasema, "Huyu ni mtoto wangu wa kwanza. Sitaki akatwe kama mbuzi." Alipanga kuuza mbuzi wawili, kukopa dola kwa jirani, na kupanda gari la Jumatatu kwenda mjini, safari ya siku nzima kwa barabara mbaya. Akatia sahihi karatasi ya kuondoka.

Mimi nilikuwa nimechoka. Nilisema maneno mawili matatu, kisha nikanyamaza. Nilijiambia, "Ni mtoto wake, ni shauri lake."

Jumapili asubuhi, wakati wa shuhuda, baba yule alisimama kanisani. Uso wake uling'aa. Alisema kwamba alfajiri maumivu yalikwisha ghafula, mtoto amelala, Mungu amemponya bila kisu. Kanisa lote likapiga makofi. Na ni nani aliyesimama mbele kuongoza maombi ya shukrani? Ni mimi, muuguzi niliyesoma, mimi niliyejua katika vitabu vyangu ya kuwa katika ugonjwa huu maumivu yanayokwisha ghafula si kupona. Puto lililojaa likitoboka, halibanwi tena. Kidole kikitoboka, maumivu hupungua kwa saa chache, halafu tumbo lote linawaka. Nilijua, wala sikushuka kwenda nyumbani kwao kumgusa mtoto tumbo. Nilikula chakula cha mchana, nikalala.

Jumatatu kabla ya jua walimleta kwa pikipiki, katikati ya watu wawili. Macho yameingia ndani. Midomo imekauka. Tumbo gumu kama ubao. Mbuzi walikuwa wamekwisha kuuzwa, lakini gari la mjini hakuna aliyelitaja tena.

Munganga alimpasua asubuhi ile. Usaha ulijaa bakuli. Tuliosha matumbo yake kwa maji ya chumvi mara nyingi, tukaacha mpira wa kutolea uchafu, tukaacha ngozi wazi ili isifunge usaha ndani. Seramu na sindano, mchana na usiku. Alikaa wiki 5. Alipoteza mwaka wa shule. Fedha za mbuzi zilikwisha katika wiki ya kwanza, kisha shamba la mihogo likawekwa rehani.

Yu hai, Mungu asifiwe. Bado anaimba. Lakini lile kovu! Baba yake alikimbia kovu la vidole vitatu. Sasa mtoto ana kovu la shibiri nzima, kutoka juu ya kitovu mpaka chini. Siku ya kutoka hospitalini, baba alinishika mkono, hakunilaumu. Alisema tu, "Baba Mwinjilisti, mbona siku ile hukunigombeza?"

Sina jibu jingine ila ukurasa huu. Leo nagombeza.

HATA MFALME ALINGOJEWA

Mwaka 1902, Uingereza ilikuwa tayari kumvika taji mfalme Edward wa Saba. Siku ilikuwa imewekwa, tarehe 26 Juni. Wakuu kutoka nchi nyingi walikuwa wamefika London, na vyakula vya karamu vilikuwa tayari. Lakini mfalme aliumwa upande wa kuume chini ya tumbo. Usaha ulikuwa umekusanyika penye kidole-tumbo. Tarehe 24 Juni, siku mbili kabla ya sikukuu, mpasuaji Frederick Treves alimpasua ndani ya jumba lake mwenyewe na kuutoa usaha. Mfalme alipona, akavikwa taji tarehe 9 Agosti.

Fikiri, ndugu. Taji iliingoja tumbo. Tumbo halikuingoja taji. Nasi je? Tunamwambia mgonjwa angoje harusi ipite, angoje mkutano wa kanisa umalizike, angoje mjomba afike kutoka mgodini, angoje gari la Jumatatu. Kama karamu ya mfalme iliweza kusimama, ya kwetu inashindwaje?

MANENO NINAYOJIBIWA

Mmoja ananiambia: "Siku hizi kuna dawa. Kidole-tumbo kinapona kwa sindano bila kupasuliwa." Ni kweli kwa sehemu. Mwaka 2015 wapasuaji wa Ufini walitangaza habari za wagonjwa waliotibiwa kwa dawa za kuua vijidudu tu. Katika mwaka wa kwanza, wagonjwa 27 katika kila 100 walihitaji kupasuliwa. Baada ya miaka 5 walikuwa 39. Basi wengi walipona kwa dawa. Lakini angalia: watu wale walichaguliwa kwa mashine ya picha iliyoonyesha ya kuwa kidole hakijatoboka wala hakina jiwe ndani, nao walilala hospitalini chini ya macho ya waganga. Hawakununua vidonge sokoni na kuvimeza nyumbani. Dawa ni shauri la kuamuliwa na munganga, si njia ya kumkimbia.

Mwingine ananiambia: "Huyu amelishwa karuho. Sumu haiendi na kisu. Ukimpasua, atakufa." Neno hili limeua wengi katika Kivu yetu. Jirani anachukiwa bure, na mgonjwa anapelekwa kwa mtu wa kumtapisha wakati kidole chake kinaoza. Mimi nasema: mlete kwanza agugswe tumbo.

Mwingine ananiambia: "Binti mwenye kovu hataolewa," au "Mwanaume aliyekatwa tumbo hawezi tena kubeba mzigo." Nawajua akina mama waliopasuliwa kwetu wakiwa wasichana, leo wanazaa na kulima. Nawajua wachukuzi wa magunia waliopasuliwa mapema nao wanabeba. Anayedhoofika ni yule aliyechelewa.

Na mwingine ananiambia, kwa upole sana: "Tunaomba kwanza." Ndugu, omba! Mimi pia naomba, nikiwa na glovu mikononi. Lakini omba njiani. Maombi yanaweza kupanda pikipiki. Unakumbuka habari za Naamani, jemadari wa Shamu mwenye ukoma? Alipoambiwa na Elisha aende kuoga katika Yordani, alikasirika. Aliona mto ule ni mdogo na wa kudharauliwa, naye alikuwa na mito mizuri kwao Dameski. Alikuwa karibu kurudi na ukoma wake, kama watumishi wake wasingemsihi. Sikupi habari hii kwa kusema jeraha letu lina muujiza. Nakukumbusha tu kwamba mtu anaweza kugeuka na kuuacha uponyaji ulio karibu kwa sababu si wa namna aliyoitazamia. Na tena, heri mtu aliye na watumishi wa kumgombeza.

NENO KWETU SISI WA HOSPITALI NA WA KANISA

Si haki niwalaumu jamaa peke yao. Mara nyingi swali la matundu madogo ni kifuniko, chini yake kuna swali jingine ambalo baba anaona haya kuliuliza: "Nitalipa nini?" Amesikia habari za wagonjwa waliopona na kuzuiliwa kitandani mpaka deni liishe. Basi anaondoka kwa heshima, akisema anatafuta njia bora.

Kwa hiyo nasema kwa wenzangu: tumwambie mtu bei mapema, kwa maneno yanayoeleweka, na tumwambie ya kuwa kazi inaanza leo na malipo yatazungumzwa kesho. Kumpasua aliyekuja mapema ni bei ndogo; kumwokoa aliyetoboka kunakula shamba zima. Na munganga akiona kweli kwamba mgonjwa ahitaji hospitali kubwa, tumpeleke sisi wenyewe, na seramu mkononi na barua mfukoni, tusimwache ajitafutie njia.

Nasema pia kwa wachungaji na wazee wa kanisa: tunachanga kwa mabati na kwa vinanda. Tuweke na sanduku la wagonjwa katika kila kanisa, kila nyumba ikitia kidogo kila mwezi, ili tumbo likiuma usiku, pasiwe na mtu wa kuzunguka kijiji akitafuta mnunuzi wa mbuzi. Na mtu akisimama kushuhudia ya kuwa maumivu ya tumbo yamekwisha ghafula, tumshukuru Mungu pamoja naye, kisha mmoja wetu atoke kabla ya wimbo wa mwisho, aende akamwone mgonjwa.

MAMBO YA KUSHIKA NYUMBANI

1. Tumbo lililoanza kuuma kitovuni likahamia kuume chini, pamoja na kukosa hamu ya chakula, si la kungojea kesho. Njoo siku ile ile, hata usiku. Lakini usingoje dalili zote zitimie. Kwa watoto, wazee, na wanawake wenye mimba, maumivu hayafuati njia hiyo daima.

2. Usimpe dawa ya kuharisha. Usimwoshe matumbo kwa mpira. Usimkande tumbo. Vitu hivyo vinaweza kukitobosha kidole kilichovimba.

3. Usimpe chakula. Mpasuaji anataka tumbo tupu.

4. Andika au kumbuka saa maumivu yalipoanza. Ndilo swali la kwanza tutakalouliza.

5. Maumivu yakikwisha ghafula baada ya siku moja au mbili, usishangilie na kukaa. Lete mgonjwa upesi zaidi.

6. Mwanamke aliyekosa damu ya mwezi naye anaumwa chini ya tumbo, au anazimia, aje mara moja bila kuchelewa. Huenda mimba imeshika nje ya mahali pake, na hiyo inaua kwa haraka kuliko kidole-tumbo.

7. Kama unaishi mjini, karibu na hospitali yenye matundu madogo, nayo iko tayari leo, nenda huko kwa furaha. Kama huishi huko, nenda kwenye chumba cha kupasulia kilicho karibu nawe.

Ndugu msomaji, kovu ni alama kwamba kulikuwa na jeraha, nalo limepona. Mwenye kovu anahesabiwa pamoja na walio hai. Siku tutakapopata kamera na mtungi wa hewa, mimi mwenyewe nitapiga kengele ya hospitali ili wote mjue. Mpaka siku ile, tumbo la mtoto wako likiuma, usiniulize kwanza tundu litakuwa dogo namna gani. Niambie tu lilianza saa ngapi, nasi tutawasha taa.